Mbali na Nani?

Oda ilikuja saa nne usiku, na kama kawaida masharti yalikuwa mengi kuliko pesa. Maneno 1,200. Nafsi ya kwanza. Msimulizi ni mwanamke wa miaka 31 kutoka Ulaya, anaifanyia kampuni ya kwao kazi kupitia laptopu, na huu ni mwezi wake wa kwanza Nairobi. Lazima kuwe na matatu. Lazima kuwe na maembe ya kukatwa barabarani. Vurugu itajwe kabla ya aya ya tatu, ila iwe vurugu tamu, yenye rangi na muziki. Joto la tropiki lisikosekane. Mwishoni ajifunze kupunguza mwendo. Malipo: dola 9.

Niliiandika nikiwa Ekero, hapa karibu na Mumias, safari ya usiku mzima kwa basi kutoka hiyo Nairobi yenyewe. Nimeandika nyingi za aina hiyo. Siombi mtu radhi. Fundi wa cherehani haulizwi mbona ameshona suti asiyoivaa. Lakini fundi anajua kitambaa, na mimi nataka kusema waziwazi kwamba hiki kitambaa ni kibovu, kimeoza kitambo, na tunaendelea kukiuziana.

Tuelewane kwanza. Sina shida na mgeni kushangaa. Mtu akishuka JKIA kwa mara ya kwanza, apelekwe mjini kati, akute Railways saa moja jioni, ana haki yote ya kufungua mdomo. Hata mimi nilifungua. Shida yangu ni kwamba hizi makala za "mwezi wangu wa kwanza" zinaishia hapo mdomo ulipofunguka. Mwandishi anaona kazi ya watu milioni 4.4 (hiyo ni hesabu ya sensa ya 2019, sasa ongeza zako) halafu anaiandika kama hali ya hewa. Vurugu inanyesha tu. Hakuna aliyeileta, hakuna anayeilipia, hakuna anayekula kwayo.

Chukua matatu, kwa sababu hakuna oda isiyotaka matatu. Katika makala hizi matatu ni disko lenye magurudumu. Linapiga kelele kwa sababu Waafrika wanapenda muziki, linakimbia kwa sababu dereva ni mwendawazimu, makanga ananing'inia mlangoni kwa sababu ni shujaa. Sawa. Sasa panda matatu hiyo hiyo ukakae mbele na dereva, kama utakubaliwa, umuulize siku yake inavyoenda. Atakwambia kuna hesabu ya mwenye gari. Hiyo hailali. Iwe mvua, iwe maandamano, iwe gari limekaa jam masaa mawili, jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Juu ya hesabu kuna mafuta. Kuna kamagera wa steji. Kuna askari wa kona fulani, ambaye hahitaji kuongea, yeye huegemea tu dirisha. Kinachobaki baada ya hao wote ndicho dereva na makanga wanagawana, na ndicho wanapeleka nyumbani. Kwa hivyo kila dakika matatu ikisimama, anayepoteza ni wao wawili. Ndiyo maana inapanda kandokando ya barabara. Ndiyo maana nauli inaruka mara mbili tone la kwanza la mvua likianguka. Ukitaka kuiita vurugu, iite, lakini ni vurugu yenye mahesabu makali kuliko benki.

Na haikuanza jana. Miaka ya baada ya uhuru, mabasi yenye kibali Nairobi yalikuwa ya kampuni moja, na matatu zilikuwa magari ya wizi, za kukimbizwa na polisi. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba ziruhusiwe kubeba watu bila leseni ya magari ya abiria. Hiyo ndiyo mipango miji yetu. Serikali ilitazama jinsi watu wanavyojihangaikia, ikasema endeleeni. Tangu hapo imekuwa ikiahidi kurudi. Mwaka 2018 walipaka mstari mwekundu Thika Road, tukaambiwa ndio njia ya mabasi ya mwendo kasi. Rangi ikaja, mabasi hayakuja. Mwaka 2022 barabara ya juu ikafunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ya kulipia. Mwenye pesa anapita juu, asiye nazo anabaki chini kwenye Mombasa Road akiangalia kivuli cha nguzo. Mgeni wa kwenye makala yangu anapita juu akitoka uwanja wa ndege, na kutoka huko juu, kweli, chini kunakaa kama vurugu.

(Kuhusu joto la tropiki, naomba wateja wangu waelewe jambo moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa saba watu wanavaa majaketi mawili na kunywa chai kama dawa. Nimewahi kumwandikia mteja hivyo, kwa upole. Alijibu kwamba wasomaji wake wanategemea jasho. Basi nikatia jasho.)

Watu wa huku kwetu tunaijua hii biashara kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1883 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtuma kijana Mskoti, Joseph Thomson, akate nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Nyanza. Alikuwa na miaka 25. Mwajiri wake yuko London, kazi yake ni kutembea na kuandika alichoona, wasomaji wake hawatawahi kufika. Mwite jina lolote, huyo ni mfanyakazi wa mbali. Mwishoni mwa mwaka huo alifika mahali alipopaita Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Mumia. Kitabu kikatoka 1885, akawa maarufu. Mpaka leo kuna swala tomi mbugani, na maporomoko ya Nyahururu yalibeba jina lake miaka na mikaka.

Lakini Thomson hakujua njia. Njia ilijulikana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka pwani, ambaye msafara wake ulisafiri pamoja na wa Thomson. Misafara ya Waswahili ilishafika kwa Nabongo kabla ya Thomson, ikiwa na shanga na vitambaa. Hao ndio waliojua maji yako wapi, nani anadai hongo gani, na usiku gani msilale. Hakuna swala anayeitwa Kimameta. Sijaandika hili kumlilia mtu aliyekufa zamani, na Kimameta mwenyewe hakuwa malaika, biashara ya pembe si ya malaika. Naandika kwa sababu mgao wa kazi ni ule ule. Mmoja anajua mahali, mwingine ana wasomaji, na pesa inafuata wasomaji.

Sasa tuje kwa hili neno lenyewe. Kazi ya mbali. Mbali na nani?

Senje wangu ana kibanda cha omena na nyanya karibu na steji. Anaamka saa kumi alfajiri, na kila akiamka anaona taa yangu.

"Wee mwanangu, hulalangi?"

"Nafanya kazi, senje."

"Kazi gani ya usiku kama ya soja?"

"Naandika. Naandikia watu wa Marekani."

"Na wao hawajui kuandika?"

Senje hakuwa anafanya mzaha. Lilikuwa swali la kweli na nilikosa jibu fupi. Wanajua kuandika, senje, ila wananunua usiku wangu kwa sababu ni rahisi kuliko mchana wao. Saa tatu asubuhi ya California ni saa moja usiku Ekero wakati wa kiangazi chao. Ofisi yao ikifungwa saa kumi na moja jioni, kwangu ni saa tisa usiku na stima imeshapotea mara moja, imerudi, imepotea tena. Yule mhamahamaji wa kidijitali anayeandikwa kwenye makala zangu anasafiri, lakini saa zake hazisafiri. Sisi tumekaa tu hapa na saa ndizo zimehamia kwetu.

Vijana wa aina yangu ni wengi kuliko unavyodhani, na hatukuanzia Kilimani. Mumias ilikuwa mji wa sukari. Kiwanda kilianza uzalishaji 1973, kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, na hapa Ekero kila boma lilikuwa na mtu wa miwa: mkulima, mkataji, dereva wa trekta, karani. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Kikakodishwa baadaye, kikasaga tena, kikasimama, kesi zikaenda kortini, zikarudi. Watoto wa wakataji miwa wakanunua laptopu za mitumba. Mtu anaandika makala za nywele za mbwa. Mwingine ananakili sauti za mahakama za Marekani mpaka anaota kwa Kiingereza cha mawakili. Kuna waliosomea watu digrii nzima za ng'ambo, insha kwa insha, na mpaka Uingereza mwaka 2022 ikatunga sheria ya kukataza biashara ya insha za kununua. Mimi pia nimeandika tasnifu ya uzamili ya mtu, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Nasikia alipita vizuri.

Hao wote hakuna anayewaita wafanyakazi wa mbali. Sikiliza majina tunayopewa: "vijana wa mtandao", "mahasla wa kidijitali", "watoa huduma". Kampuni zikihesabu gharama sisi ni rahisi, serikali ikihesabu mafanikio sisi ni ajira. Mwaka 2016 kulianzishwa Ajira Digital chini ya Wizara ya ICT, tufundishwe kutafuta kazi mtandaoni. Mafunzo mazuri, sikatai, binamu yangu alijifunzia huko. Lakini hakuna darasa linaloeleza ufanye nini jukwaa likifunga mlango. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kuifundisha akili bandia, lilijiondoa Kenya, watu wakaamka akaunti hazifunguki. Kuna soko zima la kukodi akaunti za majina ya Kizungu, kwa sababu jina la Wekesa au Nekesa linashusha bei kabla hujaandika neno. Na wale wa Nairobi walioajiriwa kupitia Sama kuisafishia OpenAI maandishi ya uchafu na mauaji, gazeti la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 150 wa kuchuja maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hiyo ndiyo Nairobi ya kazi ya mbali. Sijawahi kupata oda inayoitaka.

Halafu Oktoba 2024 Rais Ruto akatangaza kibali kipya cha wahamahamaji wa kidijitali, daraja N. Onyesha kwamba mwajiri wako yuko nje, onyesha kipato, karibu Kenya. Nilisoma habari hiyo usiku nikiwa na mwajiri aliye nje. Kipato ndicho sikuwa nacho cha kuonyesha. Sisemi wasipewe kibali. Nchi nyingi zinafanya hivyo, Ureno ilianza yake 2022. Ninachosema ni kwamba serikali inajua kabisa kazi ya mbali ni kazi, ina heshima, inastahili fomu na daraja lake. Inajua hivyo pale anayeifanya anaposhuka kwenye ndege.

Najua jibu lililo tayari: hao wageni wanaleta dola. Wanakunywa kahawa, wanakodi nyumba, wanalipa teksi. Ndiyo, na dola zina mahali pa kushukia. Kuna ploti Kilimani na Westlands ambapo bei ya chumba inatajwa kwa usiku na kwa dola, na aliyekuwa anakaa hapo kwa mwezi na kwa shilingi amesogea Rongai, ambako sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kupanda ile matatu yenye vurugu tamu. Nairobi haijafika pale Mexico City ilipofika Julai 2025, watu wakaandamana mitaa ya Condesa na Roma dhidi ya kodi za kuwafukuza. Huenda isifike. Nairobi huwafukuza watu wake kwa njia nyingi na wahamahamaji ni wachache kati ya hizo. Mwaka 2024 baada ya mafuriko, tingatinga zilivunja nyumba za kando ya mto Mathare na Mukuru, na hakukuwa na mgeni mwenye laptopu ndani ya tingatinga. Kwa hivyo simwekei mgeni mizigo yote. Namwekea ule wa sentensi zake tu.

Na sentensi zake nazijua kwa sababu naziandika mimi. Najua kinachokatwa. Mwaka 2024 niliandika makala ya aina hii iliyoangukia wiki ya Juni 25. Msimulizi wangu wa kubuni alikuwa Nairobi siku hiyo, basi nikamweka dirishani: vijana wa umri wangu wanapita wakiimba, moshi wa vitoza machozi, mchana intaneti ikaanza kukokota hadi mkutano wake wa kazi ukakatika. Nilidhani hapo nimemfurahisha mteja, kwa sababu nini kinamgusa mfanyakazi wa mbali kuliko intaneti kukatika siku watu wanapigwa risasi nje ya Bunge? Makala ilirudi na aya hiyo imefutwa. Maelezo yalikuwa mafupi: iwe nyepesi. Aya ya maembe ilisifiwa.

Hapo ndipo nilielewa hii vurugu wanayonunua ni ipi. Ni kelele isiyosema kitu. Honi ni sawa, umati wa sokoni ni sawa, makanga akiita abiria ni sawa. Umati huo huo ukianza kusema maneno yanayoeleweka, ukadai jambo kwa jina, basi si vurugu tena, ni siasa, na siasa haina rangi nzuri kwenye picha.

Kuna oda pacha ya hii, huja baada yake kama ngoma na mchezaji. Msimulizi amechoka na Nairobi, anakimbilia kijiji tulivu magharibi mwa Kenya kutafuta pumzi. Niliambiwa niweke ukimya, kuku, na bibi mmoja mwenye hekima. Nikaangalia nje. Matrekta ya miwa yalikuwa yanapita yakimwaga nusu ya mzigo barabarani, bodaboda watatu wanagombania abiria mmoja wa Kakamega, spika ya kanisa inajaribiwa "moja, mbili, moja, mbili" kwa saa nzima, na senje, ambaye ndiye bibi mwenye hekima pekee ninayemjua, alikuwa anamtukana mtu wa kaunti aliyetaka ushuru mara ya pili. Ukimya wa kijiji unaandikwa na watu wale wale walioandika vurugu ya mji.

Na tusijifanye ni Wazungu peke yao. Nimesoma kwenye majarida yetu wenyewe, ya vijana wetu, hizi barua za mapenzi kwa Nairobi: jiji halilali, jiji linakula wake, jiji la ndoto. Shamba la mawe, tunasema, halafu hatusemi nani ana hatimiliki ya shamba. Kijana aliyetoka Butere mwaka jana anaandika kuhusu River Road kama mtalii, kwa sababu amejifunza kwamba ndivyo mji unavyoandikwa. Makanga kwake pia ni pambo. Mimi nimepita njia hiyo kwa malipo, yeye anapita bure, na sielewi kwa nini mtu ajitolee.

Mtu akiniuliza ninachotaka, si kikubwa. Mgeni aandike, lakini akitaja matatu ataje na hesabu ya mwenye gari. Akitaja maembe aulize yametoka wapi na kanjo alichukua ngapi asubuhi. Akisema intaneti ya Nairobi ni nzuri, na ni nzuri, aseme ni nani mwingine anaitumia usiku huo huo, kwa bei gani, akimfanyia kazi nani. Labda anamfanyia yeye. Na kama hana muda wa kuuliza, amlipe anayejua, na jina la huyo likae juu ya makala badala ya lake. Kwa dola 9 unapata jasho na honi. Aya ya Juni 25 ina bei yake, na haifutwi.

Wahariri mnaosoma hapa, najua mko, na baadhi yenu nimewaandikia kwa majina ambayo si yangu: nina makala ya matatu za Mumias kwenda Kisumu, na nyingine ya vijana wanaonakili kesi za watu wa Ohio, maneno 3,000 kila moja, ziko tayari. Napatikana kuanzia saa moja usiku. Nisipojibu mara moja, ni stima.